Kwa Kitsao, Aliyewavusha Watu Sabaki

Mwaka umetimia leo, Kitsao, tangu mto Sabaki ulipokuchukua, nasi bado jioni tunatega sikio kama fimbo yako itagonga mlangoni.

Miaka kumi na minne uliwatembeza wageni porini kutoka Marafa, shanta mgongoni, wakilala kwenye mahema. Wao waliogopa mamba. Wewe uliogopa mzigo. Kabla ya kuvuka ulipita kwa kila mmoja ukamfungulia mkanda wa shanta wa kiunoni kwa mkono wako, ili akiteleza alitupe shanta lisimzamishe. Kisha uliyatazama maji rangi yake, maana mvua ikinyesha bara, mto hujaa huku kwetu jua likiwaka. Mara ngapi uliwazuia ukingoni siku mbili nzima, wamenuna, ukiwapikia chai na kuwaambia haraka haraka haina baraka.

Nyumbani tulikucheka. Hata dimbwi la njia ya sokoni ulilipima kwa fimbo kwanza. Siku hizi binti yako Nelly akifika penye maji hulegeza mkoba wake wa shule. Hatumcheki.

Nami Kahonzi, mkeo, nina langu. Bizimu la kufungia mkanda wa shanta lako lilivunjika, nikakushonea vipande vya leso yangu badala yake. Asubuhi ile ulitaka kufunga kitanzi tu, cha kuvuta mara moja kikafunguka. Nikakukatalia, nikakaza fundo kama tufungavyo kuni, mzigo usikuumize mgongo. Ukacheka, ukasema utalifungua ukifika mtoni.

Wageni wawili walivuka salama. Wa tatu, Thuku, akateleza katikati, nawe ukaitupa fimbo ukingoni ukaingia vile ulivyo, shanta mgongoni, fundo hujalifungua. Ulimsukuma mpaka akashika mizizi. Ndiye aliyetueleza kwamba alipokuona mara ya mwisho, mkono wako ulikuwa kiunoni ukitafuta fundo.

Walikuleta pamoja na shanta lako. Mkanda ilibidi waukate ubavuni, fundo likabaki limekaza. Mwaka mzima limening'inia ukutani, sikuthubutu kuligusa. Nimekukosa, Kitsao. Natamani hata manung'uniko yako juu ya chumvi ya mboga.

Leo asubuhi mama yako alilitoa ukutani akaniwekea mapajani.

"Mwanangu, ni mto uliomchukua, si wewe," akaniambia. "Mfungulie mumeo."

Nilitumia kucha, kisha meno. Lilichukua muda, mama akinishika bega, mpaka likafunguka.

Tunaokukumbuka ni mama yako Dama. Mimi mkeo Kahonzi. Wanao Nelly na Kambi. Ndugu yako Mangi, anayevusha wageni sasa kwa fimbo yako ileile. Na Thuku, ambaye huja kila sikukuu akakaa mahali pako bila kuambiwa, wala hatumwondoi.

Daima tutakuwa nawe moyoni. Vuka salama, Kitsao. Mzigo tumekutua.