Kilo Nne za Sukari

Tarehe 4 Februari

Mama Watoto,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, hajambo mzazi, na huyo mjukuu wetu ananyonya vizuri? Mimi mzima, isipokuwa kikohozi cha asubuhi, na usianze kunipa dawa kwa barua. Hii nampa dereva wa basi la saa moja, maana simu ya mwanetu ina masikio mengi. Kila nikipiga naongea na nyumba nzima.

Wiki mbili tu umeondoka na nyumba imenyooka. Tangu nistaafu nilikuwa nazunguka kama kuku aliyekosa pa kutaga, nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Sasa nimepata kazi. Miaka thelathini na moja nimetunza stoo ya watu, msumari haukupotea, halafu jiko langu mwenyewe silijui! Basi nimehesabu kila kitu. Kila kopo nimelifungia kadi kama za kazini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mchele, mafuta, sabuni, hata viberiti. Mwezi huu matumizi yatashuka mpaka ushangae.

Ila kuna kitu kimoja hakikai sawa. Zile orodha za matumizi ulizokuwa unanipa kila mwisho wa mwezi nikutolee hela ninazo zote kwenye faili, usicheke. Kila mwezi sukari kilo nne. Watoto walipokuwepo, sawa. Lakini wameondoka miaka miwili sasa na orodha haijapungua hata robo. Mimi kilo moja itanifikisha wiki sita. Hata nikikujumlisha wewe na wageni wako wote, kilo mbili zinatosha na kubaki. Hizo nyingine zinakwenda wapi, mwanamke wewe? Au tuna panya mwenye kisukari?

Usikasirike, nauliza kama mtu wa stoo.

Mumeo,
Baba Watoto


Tarehe 11 Februari

Baba Watoto,

Hatujambo sote. Mtoto ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni. Mama yake ameanza kutembea vizuri. Mimi nalala kwenye kochi la sebuleni, na mkwe wetu, maskini, kila asubuhi anapita kwa vidole vya miguu asiniamshe, kumbe niko macho zamani nimefumba tu. Nyumba ya watu hata iwe ya mwanao, hujui ukae wapi. Nikikaa jikoni naona nawazibia njia, nikikaa sebuleni naona nawazibia runinga. Nafua nepi ambazo hazijachafuka, ilimradi mikono isikae bure.

Kikohozi chako ni cha vumbi. Acha kupekua.

Na sukari iache. Sukari ni sukari. Umestaafu, nenda ukapige soga na wenzako huko nje, mke wako si karani wako. Kadi zako nitazikuta nikirudi na tutacheka pamoja.

Jambo moja tu nakuomba, na hili nakuomba kweli: chumba cha nyuma usikipangue. Kina nguo za watoto za zamani na takataka zangu, nitakipanga mwenyewe.

Wako,
Mama Watoto


Tarehe 19 Februari

Mama Watoto,

Hamjambo huko? Mimi leo sijambo kupita siku zote. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Chumba cha nyuma nimekipangua. Ungemwambia mtu yeyote asikipangue, asingekipangua, lakini mimi? Stoo ikiwa na upungufu, unaanzia pale ulipokatazwa. Na humo ndani, kwenye gunia la nguo za watoto, chini kabisa, nikakuta kopo la maziwa. Nikalitikisa, halilii. Nikalifungua. Loo! Laki mbili na arobaini elfu! Noti nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa nyembamba kama sigara. Nimekaa sakafuni nazinyoosha moja moja kwenye paja, nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kumbe ndiyo sukari yetu ile! Umetuwekea akiba, ukakaa kimya. Na mimi nilikuwa nakuwazia vibaya, nisamehe. Nilifikiri unampelekea dada yako.

Sasa sikiliza. Hela inayolala inaoza. Jana nimenunua tangi la maji, lita elfu moja, jeusi, na fundi ameshalipandisha kwenye jukwaa lake. Majirani wamekuja kulitazama. Mama wa nyumba ya pili ameuliza kama tumepata mgeni kutoka ng'ambo. Hutabeba ndoo tena, mke wangu. Zimebaki elfu sita, nimezirudisha kwenye kopo lake na kopo nimelifungia kadi: kilichoingia mia mbili arobaini, kilichotoka mia mbili thelathini na nne, kilichobaki sita. Mambo safi, kwa utaratibu.

Rudi uone. Nyumba imekuwa pana bila makorokoro.

Mumeo mwenye furaha,
Baba Watoto


Tarehe 2 Machi

Baba Watoto,

Hujambo. Mtoto hajambo. Mama yake hajambo. Mimi sijambo, na ungekuwa karibu ungejua kama sijambo kweli.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Mwanetu akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia baba yako amenunua tangi.

Hela ile haikuwa ya nyumba. Ilikuwa nauli. Nauli yangu.

Unaikumbuka siku uliyompa rafiki yako kodi yetu ya nyumba, nikapiga kelele, ukanionyesha mlango kwa kidole? "Kama hutaki, mlango ule." Basi niliutumia. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine namshika mkono, nikaenda stendi. Nikauliza nauli ya kwenda kwa dada yangu. Nikatia mkono kwenye pochi, sikuwa na hata nusu yake. Nikakaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Watoto wanalia njaa, kila kondakta ananiuliza, "Mama, unakwenda au huendi?" Nikarudi kwa miguu. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini. Ukacheka, ukasema, "Nilijua utarudi. Ungeenda wapi?"

Mwezi uliofuata nikaandika sukari kilo nne.

Miaka kumi na tisa, bwana. Kopo limejaa na kupungua mara nyingi. Limempeleka mwanao hospitali. Limekulisha wewe mwenyewe ile miezi mitatu mshahara uliposimama, ukaamini dada yangu ndiye aliyetuma, ukamwandikia barua ya shukrani ambayo mpaka leo haielewi. Kila nilipochota nilirudisha, kidogo kidogo, mpaka nauli ikatimia tena. Sikuwa napanga kukuacha. Nilitaka tu nikiwa kwangu nijue nimekaa, sijanasa.

Sasa umeichukua, umeigeuza tangi, na zilizobaki umeziwekea kadi. Nina hasira mpaka mtoto amekataa nimbebe.

Halafu usithubutu kunitumia nauli ya kurudi. Nauli ya kutumiwa ni amri.

Mama Watoto


Tarehe 24 Machi

Baba Watoto,

Salamu. Wiki tatu na hujajibu. Kila asubuhi nakwenda kumngoja dereva, ananitikisia kichwa kabla hajazima injini. Umekasirika? Unaumwa? Kikohozi kimeshuka kifuani? Ningepiga simu, lakini nitasema nini mbele ya hawa?

Nilisema usinitumie nauli. Sikusema usiniandikie.

Huku kazi yangu imekwisha. Mzazi ana nguvu, anamwogesha mtoto mwenyewe, na mimi nazunguka na ufagio kwenye sakafu iliyokwisha fagiliwa. Juzi mkwe aliniuliza kwa adabu zake zote, "Mama, baba yuko sawa huko peke yake?" Nikaelewa. Walinilipia ya kuja, na ya kurudi nilijitapa kwamba ninayo. Sitawaomba. Kwa hiyo nipo kwenye kochi lao, mara ya pili maishani nimekwama mahali kwa kukosa nauli. Ya kwanza kwa sababu yako na ya pili kwa sababu yako.

Niandikie hata matusi.

Mama Watoto


Tarehe 28 Aprili

Mama Watoto,

Hujambo mke wangu. Wote hawajambo? Mimi kifua kimepona, mgongo ndio unauma, na nitakwambia kwa nini.

Barua yako ya nauli nilipoisoma nilikasirika. Siku tatu nilikuwa naongea na kuta: huyu mwanamke amelala kando yangu miaka kumi na tisa mguu mmoja nje! Nikaandika jibu, nikalichana. La pili nikalichana. Halafu nikaikumbuka ile siku. Sikuwa nimeisahau, mke wangu, na hapo ndipo penye aibu. Nilikuwa naihadithia kazini. "Mke wangu alisusa asubuhi, jioni huyo karudi." Wenzangu wanacheka, na mimi nacheka. Hakuna siku niliyojiuliza ulikaa wapi saa zote zile, wala watoto walikula nini.

Nilikwenda dukani kurudisha tangi. Wakaniambia, mzee, tangi likishatiwa maji halirudi. Sikutaka kugusa pensheni, maana ile ni yetu sote wawili na ungesema nimekulipa kwa hela yako mwenyewe. Basi nikaomba kazi kwenye lile ghala la simenti. Kijana aliyenikaribisha anaweza kuwa mwanangu wa tatu. Nahesabu mifuko inayoingia na kutoka, na wakipungukiwa na mtu nabeba. Usinicheke. Jioni nafika mweupe kama aliyemwagikiwa unga, nalala bila kula. Ndiyo maana sikuandika. Sikutaka kukuandikia mikono mitupu.

Leo imetimia. Laki mbili na arobaini, ndani ya kopo lilelile. Kadi nimeichana. Dereva nimemwambia ni maziwa ya mtoto, alishike vizuri.

Hii si nauli ya kurudi. Sijauliza nauli ya kuja hapa ni kiasi gani na sitaki kujua. Ni ile yako, imerudi ilipotoka. Nenda nayo popote.

Kitu kimoja kinanizungusha hapa kichwani, nakisema kilivyo. Siku zote zile ulikuwa na uwezo wa kuondoka, asubuhi yoyote, na kila jioni nilikukuta. Mimi nikidhani ni kwa sababu huna pa kwenda. Jana nimekaa mlangoni na nikagundua sijui kama utarudi. Tangu tuoane ni mara yangu ya kwanza kutojua. Sikai, sisimami. Inatisha, Mama Watoto.

Baba Watoto


Tarehe 7 Mei

Baba Watoto,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto ameanza kucheka, ana vishimo mashavuni vya mama yako, Mungu atusaidie.

Kopo limefika. Dereva alilipakata njia nzima na kuwafokea abiria wasiliguse, eti maziwa ya mtoto.

Siku ya kwanza sikulifungua. Ya pili nikalichukua nikaenda nalo stendi, nimelifunga kwenye kanga. Nikauliza nauli ya kwenda kwa dada yangu. Ninayo. Nikauliza ya kuja kwetu. Ninayo. Nikauliza na ya mji mwingine ambako simjui mtu hata mmoja, basi tu. Ninayo. Kondakta akasema, "Mama, unakwenda au huendi?" Nikamwambia ngoja kwanza, nafikiri. Nikakaa kwenye benchi mpaka nikachoka mwenyewe. Nikanunua chungwa, nikalila taratibu, mabasi yanaondoka na mimi natazama. Sijui kama utaielewa raha niliyoipata. Nililia kidogo pia.

Mgongo wako upake mafuta ya moto. Na hiyo kazi ya simenti uiache, una miaka sitini na mbili. Au ibakize ya kuhesabu tu, maana ukikaa nyumbani utaanza kunihesabia vijiko.

Nimekata tiketi ya Jumamosi, basi la asubuhi. Nimeilipa mwenyewe. Hela ya kuondoka imebaki, nakuja nayo. Nitaiweka kabatini, rafu ya juu, mbele ya macho yako. Utaiona kila siku na hutaigusa, na orodha ya mwezi nitaandika sukari kilo mbili.

Njoo stendi unipokee, mizigo ni mingi. Nikishuka, nisalimie, chukua begi kubwa, tuondoke. Ila usije ukaniambia ulijua nitarudi.

Mkeo,
Mama Watoto