Mkia Uliojua Mwanga

Jumatatu, 14 Oktoba 1996

Nimebadilisha maji ya beseni. Viluwiluwi wawili wa chura wamekufa. Waliobaki wanakula vizuri lengalenga, mchicha wa huku, niliyochemsha.

Jioni nimerudia jaribio. Nimekata ncha ya mkia wa kiluwiluwi, nikaiweka kwenye kisahani cha maji chini ya kitambaa cheusi. Baadaye nikaitazama kwa hadubini. Chembe za rangi zimetanuka kama nyota, nyeusi tii. Nikasogeza taa karibu. Polepole weusi ukajikusanya, zikabaki nukta. Mkia ukapauka.

Hauna jicho wala ubongo. Umekatwa, na bado unajua mwanga!

Nimefurahi peke yangu kama mjinga. Donatien, mume wangu, angenicheka. Amebaki Bukavu, ni infirmier, muuguzi wa hospitali huko. Mimi nilirudi Rwanda mwaka jana kufundisha biolojia hapa Mururu. Kutoka mezani, dirishani, naona taa za mji wake ng'ambo ya mto wa mpaka.

Jumatano, 16 Oktoba

Donatien hajavuka kuja kunitembelea. Wachuuzi wanasema kwenye daraja la mpakani wanasumbua watu. Sokoni kila mtu ananong'ona.

Nimefunika taa, nimefunua, nimefunika. Mkia mpya, matokeo yale yale.

Jirani yangu Maman Séraphine ameniuliza uani, "Mwalimu, ile mwanga yako ya dirishani inasemaga nini?" Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Milio ya mizinga upande wa Uvira. Mbali. Madirisha yametetemeka kidogo.

Donatien hajaja. Naogopa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamekuja mchana, baada ya masomo. Luteni na askari wawili. Luteni alisema Kiswahili cha jeshi, kikavu.

"Mwalimu, taa unaifunika, unaifunua. Unaongea na nani huko ng'ambo?"

"Na mkia wa chura."

Nilijuta hapo hapo. Askari mmoja alifunga mlango.

"Uko na bwana Bukavu. Anafanya nini?"

"Anatibu wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

Wale walioua watu hapa mwaka juzi wakakimbilia ng'ambo, nao wanaugua.

Nikamwomba atazame. Kulikuwa na kipande chini ya kitambaa tangu asubuhi. Aliinama kwenye hadubini, akaona nyota. Nikaweka kisahani juani. Tukangoja. Hakuna aliyeketi. Niliwaza: mkia huu ukikataa leo, nimekwisha.

Alitazama tena. Muda mrefu.

"Zimekuwa ndogo," alisema. Kisha, kama mwanafunzi: "Nani ameziambia?"

"Hakuna. Zenyewe zinahisi."

Alinyooka. "Mimi nakuamini. Mkubwa wangu hataangalia chura."

Wamechukua taa na hadubini. Luteni ameniagiza nisiwashe chochote upande wa mto. Wakirudi tena, amesema, hatakuja yeye.

Jumatano, 23 Oktoba

Maman Séraphine amekuja, amesimama mlangoni.

"Ni miye niliwaambia."

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Nilitaka kumpiga.

"Batoto yangu bote balikufa," amesema. "Bale benye balibaua bako pale ng'ambo. Nikiona mwanga ya kuzimika na kuwaka, sijue kulala."

Sikumsamehe. Lakini sikufunga mlango.

Jumanne, 29 Oktoba

Mabomu Bukavu kutwa nzima. Shule imefungwa. Moshi upande wa chuo cha huko. Daraja limefungwa. Siwezi kula.

Usiku hakuna hata taa moja ng'ambo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Wanasema mji umetekwa. Hakuna habari ya Donatien. Nimemwaga viluwiluwi kijitoni. Siwezi kuwatazama.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekwenda misa. Maman Séraphine alikaa kando yangu. Sikuhama.

Baada ya misa alinipeleka kwa mama mmoja aliyevuka jana kwa mtumbwi, mchuuzi wa samaki. Séraphine mwenyewe alikuwa amezunguka akiuliza kwa ajili yangu.

Yule mama alimwona Donatien. Watu wa hospitali walipokimbia, alitoka na wagonjwa walioweza kutembea, wakashika njia ya msituni. Alikuwa mzima.

Nikamuuliza kama Donatien aligeuka kutazama huku.

"Hapana, maman," amesema. "Alikuwa amebeba muntu mgongoni."

Tumerudi nyumbani kwa miguu, mimi na Séraphine. Mvua ilikuwa imekwisha. Njia ina utelezi. Kwenye mteremko alinipa mkono, nikaushika.