Mtoto Anayelia Kwenye Kaseti

Jumapili, jioni

Nilisema mimi. Miaka yote nimewaambia watu kwamba nilikuwa na sauti ya kengele, na leo nimeisikia kwa masikio yangu.

Kaseti yetu ya kwaya ya kigango ilikaa darini juu ya jiko, ikala moshi na ukungu mpaka ikawa inanguruma tu kama mashine ya kukoboa kahawa. Mwanangu Skola, aliyesomea ufundi wa sauti, ameufuta ukanda wote kwa spiriti na pamba, akauhamishia kwenye kasha jipya, kisha akageuza skrubu moja ndogo ndani ya redio. Sauti ikatoka safi. Hapa Maguu nani mwingine ana mtoto wa hivyo?

Lakini jirani yangu Mama Osmunda naye alikuwepo. "Dada, anayeongoza hapo ni mimi," akasema. Na kweli, wimbo ule tulikuwa tukipokezana kuuongoza. Nani angetuamua?

Skola hakutusikia. "Mama, kuna mtoto analia karibu kabisa na kipaza sauti. Ngoja nimtoe kwa kompyuta."

"Usimguse. Huyo ni wewe, nilikuwa nimekubeba mgongoni."

Osmunda, mtoto wa kwanza wa jirani yangu, alikuwa hajazaliwa bado, kwa hiyo aliyeongoza na mtoto mgongoni ni mimi. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, umeshinda. Ila binti yako alikuwa anakupita kwa sauti."

Siku ile ya kurekodi nilimbembeleza sana Skola anyamaze. Namshukuru Mungu hakunisikia.