Chungu Chako ni Kipi?

Khasandi, mjukuu wangu,

Umepotea mpaka mbwa wetu atakubwekea kama mgeni! Huku Shinyalu tuko wazima, ng'ombe mwekundu amezaa. Binamu yako ndiye anaandika, mimi nasema.

Nimeshusha pumzi kusikia hujachagua chuo bado. Unauliza utajuaje kama watakuachia ufanye utafiti ungali mwanafunzi mchanga, au watakukalisha tu usikilize.

Nilipotaka kujifunza kufinyanga, mama alinipeleka kwa fundi aliyesifiwa soko zima. Nikamwuliza msichana aliyekuwa akijifunza kwake, "Chungu chako ni kipi?" Akacheka. "Mimi nachotanga maji tu, dada." Nikamvuta mama tukaondoka.

Tukaenda kwa jirani yetu Mideva, asiye na sifa yoyote. Siku hiyo hiyo alinipa udongo. Chungu changu kilipopasuka motoni, hakunifokea. Alisema, "Haya, tafuta kwa nini." Nikatafuta mpaka nikajua: sikukianika mpaka kikauke vizuri. Furaha ile ninayo hadi leo.

Basi usiwaulize wakubwa wa chuo. Waulize wanafunzi wamejaribu nini kwa mikono yao.

Ukija Desemba, acha mkate dukani. Niletee kitu kilichokupasukia, unieleze kwa nini.

Nyanya yako, Kukhu