Wimbo Unaoanzia Juu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipotundika kofia yako nyuma ya mlango wa jikoni na usirudi kuichukua. Bado ipo pale. Mama hataki iguswe, hata kufutwa vumbi.

Egryn Pugh, mfungulia maji ya mashamba kijijini Tre Helyg, mifereji inakuulizia. Aliyeshika kazi yako ni mtu mwema, lakini anapita na pikipiki. Wewe ulitembea kwa miguu kutoka lango hadi lango, kibuyu cha chai yetu chungu ya majani mkononi, na ukifika kwa mjane Ceridwen ulimfungulia maji kabla ya zamu yake, kisha ukawaambia wengine kwamba lango limekwama. Kila mtu alijua. Hakuna aliyekusema.

Nyumbani ulikuwa mtu wa kelele ndogondogo: kugombana na redio, kuimba ukinyoa ndevu, na kile kikohozi chako kabla ya kusema jambo lolote la maana. Siku hizi asubuhi zetu ni kimya mno. Tuna hamu nawe, Baba, hamu isiyozoeleka.

Ilituzidi mwezi uliopita, ilipofika Sikukuu ya Kushuka. Unajua siku hiyo kanisani hakuna anayegusa kikombe cha chai mpaka uimbwe wimbo wa wahenga wetu walioshuka melini kwenye pwani yetu hii wakitoka Welisi. Na hauimbwi kwa kinanda. Mtu mmoja huuanzisha kwa mdomo, wengine wakaupokea kwa sauti nne. Mtu huyo alikuwa baba yako, kisha wewe, na nyote wawili mliuanzia juu mno.

"Egryn, ndugu yangu, leo shusha kidogo," jirani yako Edmundo Rowlands alikusihi kila mwaka. "Shingo ninayo moja tu."

"Wazee walivuka bahari nzima, wewe unashindwa kuvuka ubeti wa mwisho?"

Ulikuwa huambiliki. Ubeti wa mwisho watu waliuimba wamesimama kwa ncha za vidole, mishipa imewatoka.

Safari hii hakukuwa na wa kuuanzisha. Edmundo alikataa katakata: "Nikianzisha mimi, watu watadhani ni mazishi." Sisi wanao hatukurithi koo lako, tuliambulia masikio. Basi Mirna wa kamati ya sikukuu akaja jikoni kwetu na simu yake.

"Mama Nélida, tusijitese. Sauti ya mzee ninayo humu, ya mwaka juzi. Tutaiweka kwenye spika, sisi tupokee."

Mama aliendelea kukata keki nyeusi. "Haya, wekeni. Lakini mkishazoea kuimba na kisanduku, mwakani hamtahitaji hata watu."

Mirna alidhani amekubaliwa.

Unamjua mkeo. Mtoto wa watu wa ng'ambo ya milima, aliyeolewa katika Kiwelisi, lugha ya wenyewe, maisha yake yote hakuwahi kuimba mbele ya watu. Ukimtania, "Nélida, ipo siku utaanzisha wewe," alikujibu, "Mimi kazi yangu chai." Wimbo ukiimbwa, yeye husimama kwenye mlango wa jiko la kanisa na birika lake lililovishwa sufu lisipoe, akingoja mmalize.

Siku yenyewe tukasimama mezani. Mkate na siagi, keki, chai ya kwanza imekwisha kumiminwa. Mirna akabonyeza simu. Spika ikakohoa. Ulikuwa wewe, Baba, kikohozi chako kilekile. Tulimwona Mama akiegemea mlango.

"Zima," akasema. "Mirna, mwanangu, zima hiyo."

Mirna akazima. Chai ikawa inapoa. Tulijua wimbo usipoanza sasa, umekufa nawe.

Ndipo Mama akauanzisha, birika mkononi. Maneno mengine aliyapinda, lakini aliuanzia juu, Baba, juu kulekule. Tukaupokea kwa kukimbilia. Kufika ubeti wa mwisho Edmundo uso umemwiva na machozi yanamtiririka, akaacha kuimba akapiga kelele: "Ndiye! Ndiye huyuhuyu! Hata leo hajanihurumia!" Watu walicheka huku wanalia, na chai tukainywa baridi.

Njiani kurudi Mama alituuliza, "Niliwazidishia?"

"Sana, Mama."

"Ndipo alipokuwa akianzia," akasema. "Kwingine sikujui."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulisimama naye kando ya mfereji mpaka alipotosheka.

Unakumbukwa na mkeo Nélida, wanao Gwenda, Arturo na Olwen, wakwe zako, wajukuu zako, na Edmundo, ambaye anasema shingo bado inamuuma.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na tutaanzia juu.