Simu Naiacha Mezani

Wanangu,

Chai ipo kwenye chupa. Simu yangu isitoke kwenye chaji, na kitindamimba asiichezee gemu. Ujumbe wa baba yenu huingia kwenye namba hii tu, ndiyo maana nimeondoka bila simu. Leo siku ya tatu hajabonyeza "niko salama" kwenye kile kifaa chake cha setilaiti. Asubuhi askari wa msitu wamepiga, wanaingia kumtafuta. Siwezi kukaa.

Siku ya kukinunua, dukani alitaka cha kutuma na kupokea ujumbe. Nilikuwa nimenuna, mwezi mzima anatuacha akatembee milimani, nikamwambia chukua cha kutuma tu, mimi sina la kukwambia.

Ujumbe ukiingia, nifuateni mbio kwenye geti la msitu. ~~Halafu mjibuni, mwambieni mama hana kinyongo.~~ Kile kifaa hakipokei.

Mama yenu