Nilivyomchunguza Mserbia Aliyemposa Zuhura

Berea, Johannesburg
Jumapili asubuhi

Mama yangu, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Zuhura aliniambia umeshauacha mkongojo, lakini Zuhura habari mbaya huzipunguza kabla hazijanifikia, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ilinibana kifua wiki mbili, sasa kimeachia, na duka linakwenda. Naandika kwa mkono na kumpa Salimu wa Duga anayekuja huko nyumbani Jumanne, kwa sababu wewe simu unaiweka spika na uani kwako kila mtu anasikia. Haya ni ya kusoma wewe na mjomba tu.

Uliniagiza nimchunguze huyu Mserbia kabla mjomba hajaijibu barua yake ya posa. Nimemchunguza wiki tatu. Nitakueleza yote kwa mpangilio, na mwisho nitakueleza nilivyoharibu.

Unanijua mwanao, siamini mtu upesi, na mji huu umenizidishia. Hapa mtu anakusimamisha kwenye robot, yaani taa za barabarani, anakulilia kwamba amefiwa na mtoto, saa tatu baadaye unamkuta baa anacheka. Kwa hiyo binti yako Zuhura aliponiambia amepata mchumba pale hotelini Unguja anakokanda wageni viungo, Mzungu, tena wa Serbia, tena Mwislamu, tena mcheza tenisi anayefundisha wageni wa hoteli miezi asiyokuwa na mashindano, nilijiambia moja kati ya hayo ni uongo, na huenda yote manne. Akasema anaitwa Senad na anakuja Joburg kwa mashindano matatu, wiki tatu mfululizo. Nikasema vizuri, na aje.

Kwanza nilimtafuta kwenye simu. Yumo, lakini duniani ni wa mia sita na kitu. Nilimuuliza jirani yangu wa duka la vyombo, mtu anayekesha akiangalia tenisi, akasema hajawahi kulisikia jina hilo hata siku moja. Basi nikaenda mwenyewe hadi klabu anayochezea, huko Randburg.

Nilitegemea kumkuta mtu wa maana, ana gari na watu wamemzunguka. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya kiwanja anafunga nyuzi za raketi kwa mashine ndogo anayosafiri nayo begini. Na raketi zenyewe si zake, ni za wachezaji wenzake, anawafungia wamlipe. Hana kocha. Chumbani analala na mchezaji mwingine, na kesho yake walikuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Soksi anafua kwenye beseni la kunawia na ndizi za klabu anatia mfukoni. Wiki iliyotangulia alikuwa Uturuki, baada ya hapa ni Tunisia, na hakuna bosi anayemwambia aende wapi. Mama, ningekusimulia hayo bila kutaja tenisi, ungesema huyu mtu kuna kitu anakikimbia.

Nilimuuliza wazi, ni kazi gani hiyo. Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake cha hotelini nilishamkataza kukitumia mbele yangu.

"Kaka, wale mia wa mbele ndio wanaokula vizuri," akasema. "Sisi wengine tunashinda ili tupate nauli ya kwenda kushindwa kwingine."

Aliyasema hayo anacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwongo hodari hujicheka mwenyewe kabla wewe hujamcheka.

Ijumaa nikampeleka msikitini, nikasimama bega kwa bega naye makusudi. Alitawadha sawasawa. Rakaa zote mbili nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho, swala yangu mwenyewe sijui ilikwenda wapi, Mungu anisamehe. Hakukosea popote. Tulipotoka akaniambia kwao ni Novi Pazar, mji wa Waislamu kusini mwa Serbia, na baba yake ni fundi wa kushona suruali za jinzi. Nikawaza, fundi, tena wa familia ya msikitini, hiyo ndiyo habari hasa ambayo mama angependa kuisikia, na nani amemwambia kwamba mama anapenda hayo? Unaona jinsi nilivyokuwa.

Wiki ya pili alishinda mechi moja. Tulikuwa tunakunywa chai hapo klabuni, simu yake iko mezani, ikaanza kutetemeka bila kupumzika. Nikachungulia. Ujumbe wa kwanza unamtukana mama yake. Wa pili unamwombea avunjike miguu. Nikamuuliza, akasema watu hao hata hawajui. Moyo ukaniambia haya sasa, hapa kuna deni la watu wabaya. Akasema wala, hao ni wanaobeti. Eti hata mechi hizi ambazo watazamaji ni mimi na mfagiaji, kuna watu mbali huko wanaziwekea fedha, ukishinda wanakutukana hawa, ukishindwa wanakutukana wale. Na wengine wanakufuata wakulipe upoteze seti, yaani kipande kimoja cha mechi, makusudi.

"Wewe hujawahi?" nikamuuliza.

"Sijawahi."

Nani angejibu vingine? Hapo ndipo nikapata wazo langu, na nililiona la busara kabisa.

Pale dukani kwangu, kwenye kona, anakaa Papa Gaspard, Mkongomani wa Bukavu, anayeshona mapazia tunayouza. Mtu mpole, ana mke na watoto watatu hapa hapa Berea. Nikamwomba aende Randburg ajifanye mtu wa kamari, amwambie Senad kuna watu watamlipa vizuri akipoteza seti ya pili mechi yake ya Alhamisi. Akikubali, tumeshamjua, Zuhura amepona.

"Ndugu yangu, minaogopa hii maneno," Gaspard akasema. "Mi niko na karatasi ya ukimbizi tu."

Nikambembeleza. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yangu, na wewe papa una binti, unaelewa. Akaenda. Mimi nikabaki nje ya geti nimejibanza kama mwizi. Hazikupita dakika tano akatoka mbio, jasho linamtiririka. Akasema Senad amekataa, tena amemuuliza jina lake nani, ndipo alipokimbia.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilifikiri huenda ameona dau dogo.

Alhamisi alishindwa. Seti ya pili ndiyo pekee aliyoshinda. Baada ya mechi alikaa kwenye kiti muda mrefu, taulo limemfunika kichwa, mpaka wakaanza kufagia kiwanja kwa kumzunguka. Nilitaka kwenda kumshika bega, nikasita, nikaondoka.

Jana Jumamosi akaja dukani. Sikuwahi kumwonyesha duka, kumbe Zuhura alimpa anwani. Alikuja kuniaga, na mkononi ana shali ambayo mama yake amekuletea wewe. Alikuwa anainyoosha ili nione rangi, macho yake yakaenda kwenye kona. Gaspard yuko kwenye cherehani, futi ya fundi imening'inia shingoni. Hiyohiyo aliyosahau kuivua siku alipokwenda Randburg. Gaspard akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Nilijiuliza sana mtu wa kamari anafanya nini na futi," Senad akasema polepole. "Baba yangu anakaa nayo shingoni hata akila." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemtuma?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Akakaa juu ya robota la mapazia. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Akanieleza kwamba kanuni yao ni moja, mtu akikufuata kwa jambo kama lile unaripoti kwa wasimamizi wa tenisi siku hiyohiyo, ukinyamaza unafungiwa kucheza hata kama hukupokea kitu. Yeye aliripoti. Alitaja urefu wa mtu, shati lake, Kiingereza chake chenye Kifaransa, na futi. Jumatatu, yaani kesho, wanampigia kumhoji tena. Akisema hamjui yule mtu, sasa atakuwa anadanganya. Akisema ni mtu wa shemeji yake, watamuuliza anaoa katika familia ya namna gani.

"Miaka kumi na miwili nazunguka," akasema. "Sina nyumba, sina kombe. Nilichonacho ni kwamba hakuna anayeweza kusema niliuza mechi."

Gaspard alikuwa ameshaanza kutia mikasi na vibobini vyake vya uzi kwenye mfuko. Anasema ataondoka, wasije wakamkuta hapa, na watoto watakula nini. Mama, nimeshaona aibu maishani, lakini ile sikuwa naijua. Mimi niliyekwenda kutafuta mchafu, mchafu nikawa mimi, na hapo nimewaponza watu wawili kwa mpigo.

Nikachukua karatasi. Nikaandika jina langu kamili, namba yangu, mahali duka lilipo, kwamba mimi ndiye niliyemtuma yule mtu, kwamba hakukuwa na mtu wa kamari wala fedha, na anayemtaka fundi aanze na mimi. Nikatia sahihi. Senad akaipiga picha akawatumia. Wamejibu kwamba wameipokea na wataifanyia kazi. Wanaweza kunielewa, na wanaweza kumsimamisha kucheza mpaka wamalize uchunguzi wao, hajui. Gaspard nimemtuliza, amerudi kwenye cherehani, ila haniiti tena ndugu.

Zuhura bado hajui. Senad amesema hatamwambia, hiyo ni kazi yangu, na nitampigia leo nikimaliza barua hii. Naogopa simu hiyo kuliko ya hao wanaochunguza.

Basi nikajikaza nikamuuliza, na posa je? Akaikunja shali vizuri, akaiweka juu ya kaunta.

"Posa iko palepale," akasema. "Lakini umeniuliza klabuni, umenipima msikitini, umeleta mtu wa kuninunua. Mimi sijamuuliza mtu yeyote habari zako. Nimuulize nani?"

Nikampa namba yako. Na hata pale, mama, akili yangu hii ikanong'ona, anaitakia nini namba ya mama? Sijui nitaifanyaje akili hii.

Msalimie sana mjomba, mwambie barua ya posa aiweke kwanza, sisi ndio tunaosubiri jibu. Nisalimie shangazi wa Pongwe, umpe pole ya macho, na mama Rukia jirani anayekukanda mguu, mwambie nimemtengea pazia la mlangoni. Shali anakuja nayo Salimu.

Senad akikupigia atakuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nakuomba usinipambe. Mwambie ukweli wote, hata ule wa mwalimu wa Pangani aliyekuja kumposa Zuhura miaka ile, nikamkataa mimi kwa kuwa alikuwa hanitazami usoni, kumbe maskini ni macho yalikuwa yanamuuma. Zuhura alilia mwezi mzima kwenye chumba cha uani, na mimi mpaka leo sijawahi kumwomba radhi.

Mwanao,
Athumani